Ofu ya Jumapili

Karagita, Jumamosi, 7 Februari 2026
Asubuhi ukungu na baridi, jua likatoka baada ya chai.

Kigen wangu,

Sukuma ulizopanda mlangoni zimeshika.

Unajua vile meneja na msimamizi wa zamani walikuwa wakirushiana maombi yetu ya ofu, siku ya kupumzika, mpaka Jumapili inapita. Jumatatu meneja aliumaliza ubishi: oda za maua ni zake, ofu ni za msimamizi wa kila shedi. Kwetu, msimamizi sasa ni mimi. Wasichana walipiga kelele: "Zeddy, utajipea ofu kila wiki uende kwa mzee wako Nakuru!" Nilicheka, kwa sababu ndivyo nilivyopanga.

Kesho ni mtu mmoja tu anayeweza kukosa kazini. Leo jioni Namalwa wa shedi yetu alinijia. "Mtoto wangu amelazwa Bungoma," akasema, "na wa kuamua ni wewe."

Nikampa.

Zamani nikikosa kuja tuliwalaumu wakubwa pamoja. Safari hii aliyeninyima ni mimi. Ile nguo ya bluu nilikuwa nimeshaipiga pasi. Imetundikwa msumarini, naitazama.

Barua hii anakuletea Namalwa mwenyewe, akipita Nakuru. Mpe chai kabla hajaendelea.

Wako,
Zeddy

Naongeza asubuhi, Namalwa akiwa mlangoni: nililala saa saba usiku, nikiitazama ile nguo.