Mita Iandikwe Jina la Nani, Baba Atupele?

Baba Atupele, mume wangu,

Jana umeme uliwaka katika nyumba yetu ya Ibighi. Ningetamani habari hii nikupe kwa furaha tupu, lakini nina hasira, na sitaificha, maana hata ulipokuwa hai hukupenda ninune bila kusema. Furaha hii imecheleweshwa, na aliyeichelewesha ni mdogo wako, Gwakisa.

Unakumbuka kuta zilipokuwa hazijapigwa lipu? Ulikuwa ukitoka zamu kiwandani, shati linanukia majani ya chai, unaingia moja kwa moja kwenye vile vyumba visivyo na paa, chaki mkononi. "Mama Atupele, simama hapa. Jifanye unapika." Nami nikasimama katika jiko lisilo na jiko, nikakoroga hewa kama mwendawazimu, nawe ukatazama mkono wangu unafika wapi ndipo ukachora alama ya swichi. Ukaniuliza sinki nalitaka wapi. Nikasema chini ya dirisha, niwe naiona migomba ninapoosha vyombo. Fundi akalalamika kwamba bomba litazunguka mno. Ukamjibu, "Lizunguke. Huyu ameteka maji mtoni tangu utoto wake, bomba nalo lisumbuke kidogo."

Chumbani kwa Atupele ukalaza ukutani paipu tupu, isiyo na waya wowote. Fundi akacheka. "Hii ya nini, bosi?" Ukasema ni ya intaneti, mwanao atasomea chuo humo. Atupele mwenyewe wakati huo alikuwa bado anajumlisha kwa vidole, na mtandao wa simu tulikuwa tunaufuata kule juu barabarani.

Hukuuona hata mlango mmoja ukifungwa. Uliugua, ukatutoka nyumba ikiwa kwenye lenta, bado haina paa. Niliimalizia mimi. Viazi vya Isongole ndivyo vilivyoipaua nyumba ile. Nilikuwa napanda kule alfajiri kwa bodaboda, mvua ya huku kwetu unaijua, nanunua magunia, nayashusha Kiwira kuuza kando ya barabara. Nikipata faida, bati. Nikipata tena, mfuko wa saruji. Miaka yote hiyo Gwakisa hakufika hata kuuliza kama paa linavuja.

Nyumba ilipokamilika nikaenda kuomba umeme. Nikaambiwa nisubiri mpimaji. Siku aliyokuja nilikuwa Isongole. Nashuka kwenye bodaboda, namkuta Gwakisa kavaa koti, anamzungusha mpimaji kwenye uwanja wangu, anamwonyesha nguzo iko wapi na waya upite wapi. Nikasikia mpimaji anauliza, "Jina la mteja?" Gwakisa akataja lake. Kisha akaniona, akanyoosha mkono kunielekea kama anayeonyesha mti. "Huyu ni shemeji, mke wa marehemu. Anakaa hapa kwa sasa."

Kwa sasa! Baba Atupele, magunia yale yote, na mimi nakaa kwa sasa!

Nikamwambia yule mpimaji, "Ndugu yangu, aliyeomba umeme ni mimi. Kama hauji kwa jina langu, usilete waya."

Gwakisa akacheka. "Shemeji, kiwanja kina jina la kaka. Kaka hayupo. Nyumba ni ya ukoo."

Mpimaji akakunja futi yake. "Mama, mimi napima tu. Malizaneni kwanza kifamilia, ndipo mniite." Akaondoka. Simlaumu.

Nilipokwenda kuomba maji, nikakuta Gwakisa amekwisha kutangulia kusema kwamba nyumba ina mgogoro. Basi tukahamia hivyo hivyo. Jirani zetu wote wanawasha taa, sisi kibatari. Sinki langu lipo chini ya dirisha, zuri, kavu, na mimi nimejitwika ndoo naingia nayo mlangoni. Atupele yuko chuo sasa, anasomea uuguzi. Akiwa likizo na ana kazi ya kutuma kwa walimu wake, alikuwa anakwenda kusimama barazani kwa wenye maduka, mvua inamrukia miguuni, mpaka simu ipate chaji na mtandao. Siku moja alirudi amelowa, akaniambia, "Mama, mpe tu jina, tupate umeme." Nikamwambia, "Nikimpa jina leo, kesho atataka ufunguo."

Nikaomba kikao cha ukoo. Tulikaa kwa mama yako. Kama baba mkwe angekuwa hai kwa mila za kwenu nisingeweza hata kukaa mbele yake, sembuse kubisha. Lakini siku ile nilikuwa tayari kubishana na yeyote.

Gwakisa akaanza kwa upole. "Mita ni jina tu. Tunagombania nini?"

"Kama ni jina tu," nikasema, "kwa nini lisiwe langu?"

Hapo ndipo mama yako akafungua kinywa. Alisema kwa Kinyakyusa, kama kawaida yake akikasirika.

"Gwakisa, siku ya kumwaga zege la msingi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Mbeya, mama."

"Na siku ya kupaua?"

"Mbeya."

"Basi umeme wako ukauombee Mbeya."

Nikapiga magoti, nikamwambia ndaga, asante kwa lugha yake, nikalia palepale mbele ya wanaume wa ukoo. Ukoo ukanipitisha, nikaenda mahakama ya mwanzo, nikathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi yako. Maji yametangulia. Jana umeme, mita kwa jina langu. Leo asubuhi wa intaneti wamepitisha waya wao kwenye ile paipu bila kuchimba ukuta. Gwakisa tunakutana kanisani, hanisalimu. Mimi namsalimu, kwa sauti, watu wasikie.

Sasa nikugeukie wewe. Ulijua mkono wangu unafika wapi ukutani. Ulijua mwanao atahitaji nini kabla hajajua kusoma. Lakini nilipokuomba, tumekaa juu ya tofali zetu wenyewe, uongeze jina langu kwenye karatasi za kiwanja, ulicheka. "Una haraka gani? Unataka nife?" Ulikuwa mtu mwema, na wema wako ukaniacha nibishane uwanjani kwangu na mtu mwenye koti. Nimekulilia miaka mingi, lakini hili sijakusamehe bado. Nikikusamehe nitakuambia.

Wiki hii nimeandika wosia. Nyumba ni ya Atupele, kwa jina lake kamili. Aliponiona najitayarisha kwenda kuutia saini, alishtuka, akashika mkono wangu.

"Mama, kwani unaumwa?"

"Siumwi," nikamwambia. "Vaa viatu twende, usikie mwenyewe kilichoandikwa."

Lala salama huko uliko, Baba Atupele. Huku bado nina mengi ya kufanya.

Mkeo,
Mama Atupele