Ndege ya Akinyi Imegeuka

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanika omena, dagaa wa ziwa. Jua kali, zuri. Halafu nikaangalia simu. Binti yangu Akinyi aliniwekea hiyo kitu ya kuonyesha ndege, kwa sababu anahudumia watu huko juu, Uropa kwenda Amerika na kurudi. Asubuhi zote zinarudi. Jioni zote zinaenda. Kama ng'ombe wakienda ziwani kunywa na kurudi. Zinafuatana tu juu ya bahari. Yake imepita salama. Nimekula vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Hapa Kisegi mtandao unashika ukisimama karibu na choo. Nimesimama huko nikihesabu ndege. Min Otieno, yaani mama Otieno, mke mwenzangu, akanikuta.
"Min Akinyi, unahesabu nini?"
"Ndege."
"Na ndani kuna nini, mbuzi?"
Nikazima simu. Sisi hatuhesabu watoto wa mtu. Ukihesabu, mmoja anapungua. Najua hiyo tangu utoto. Nimemkasirikia kwa sababu amesema ukweli.

Alhamisi, 6 Machi
Akinyi alinitumia namba ya ndege yake, anaenda Amerika. Jioni, katikati ya bahari, imegeuka. Zingine zote zinaangalia mbele. Yake peke yake inarudi.
Nimepiga simu. Haishiki. Tena. Haishiki.
Ni mimi. Nilihesabu.
Min Otieno amekuja bila kuitwa. Hajanicheka. Ametoa maharagwe kwa jiko, yalikuwa yanaungua. Akaangalia simu, akasema, "Ndege ya kuanguka haigeuki hivi pole pole. Hii inajua njia." Sijui alisoma wapi mambo ya ndege. Nimemshika mkono, sijaachilia.

Baadaye. Imefika nchi kavu. Imesimama. Sasa ndiyo nimelia.

Ijumaa, 7 Machi
Akinyi amepiga. Kuna mama mzee alishikwa na moyo huko juu, wakamrudisha apate hospitali. Akinyi alikaa sakafuni akimshikilia mpaka wakashuka. Huyo mama ako hai.
Ananiuliza mbona sauti yangu imekauka. Nimesema ni homa.
Miguu yake imevimba. Nimemwambia aiweke kwa maji ya chumvi. Akasema sawa, mama. Halafu kimya. Amelala na simu sikioni.
Sijakata. Nimesikiliza akipumua mpaka bando yangu ya mtandao ikaisha.