Sinia Nililompelekea Wifi

Jumatatu, 6 Oktoba

Rukia nimemwamsha kabla ya adhana, kama kawaida. Maji ya uso, chai ya rangi, Hesabu. Kasinzia juu ya kitabu. Nimemwamsha tena. Asema kichwa chamuuma. Changu pia chauma, na sina mtihani wa kidato cha nne.

Zuhura hanitoki akilini. Wifi yangu huyo, dada wa mume wangu. Ile siku ya arusi ya jirani yetu Ramla, jikoni, wanawake wamejaa, yeye akimenya vitunguu: "Wifi, usimkere mtoto. Rukia mkono wake ni wa kupika. Si kila mtu ni wa vitabu kama Fahmi wangu." Wakacheka wote. Nami nikacheka. Cheko lile bado nalisikia.

Mwanangu atampita Fahmi. Mwaka huu sitaki kingine.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tuisheni asubuhi, tuisheni jioni. Baba yake kapiga simu kutoka Mombasa, eti nimpumzishe mtoto. Kaka wa Zuhura huyo, atasema nini? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimemwambia arudi kazini kwake.

Jumatano, 15 Oktoba

Mwalimu wa tuisheni kaniuliza kama Rukia amepata nafuu. Nafuu ya nini? Kumbe tangu juzi hajaonekana huko. Nimemngoja mlangoni. Alikuwa mtaa wa Barani, kwa shangazi yake Zuhura. Hafanyi kitu, asema, analala tu. Analala! Anatandikiwa mkeka, anafunikwa leso, na hakuna anayemuuliza neno.

Zuhura anamlaza mwanangu makusudi ili aanguke. Husda tupu. Nimempigia simu, nimemwambia aniachie mwanangu. Akaanza, "Wifi, mtoto amechoka..." Nimemkatia.

Kuanzia kesho nampeleka mimi tuisheni, na nitamsubiri nje. Duka langu nitalifunga. Jua linipige.

Jumapili, 2 Novemba

Mtihani kesho. Maalimu ameniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Nimezikosha kwa marashi, Rukia kanywa lote. Kakonda. Baada ya mtihani atanenepa.

Nimemwombea afaulu, kaitikia amina. Kisha nikaomba kwa sauti: Ya Rabbi, mfedheheshe Zuhura mbele ya watu kama alivyonifedhehesha. Hapo Rukia hakuitikia.

Ijumaa, 9 Januari

B! Fahmi mwaka wake alipata C na kijumlisha chake.

Nimepiga vigelegele mpaka mtaa wetu mzima wa Shella ukajua. Rukia kasema alhamdulillahi, akaenda kulala mchana kweupe. Mwache.

Mimi sitaki usingizi. Kesho napika biriani, na sinia la kwanza ni la Barani. Atalipeleka Rukia mwenyewe, Zuhura alipokee kwa mikono miwili. Nimemfundisha na maneno: "Shikamoo shangazi. Mama asema, yule wa jikoni amefaulu." Nimemtaka ayarudie. Hakuyarudia, lakini kasikia. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Raha iliyoje. Nimeingoja siku hii kuliko siku ya ndoa yangu.

Jumamosi, 10 Januari

Biriani imetoka vizuri. Nimempakia Rukia kwenye tuktuk, sinia mapajani, kawa juu. Nimesimama mlangoni mpaka wakakata kona. Laiti ningeuona uso wa Zuhura!

Majirani wamekuja, wamekula, wamenisifu. Adhuhuri Rukia hajarudi. Alasiri hajarudi. Nikasema wanazungumza.

Magharibi Zuhura akapiga. Hakunisimanga. Afadhali angenisimanga. Asema mtoto aliamkia, akatua sinia, akaomba kitu kimoja tu: akae kwake mpaka atakapoitwa chuo. Baba yake amekwisha kuulizwa, karidhia. Wamepanga yote bila mimi.

Nimemwambia ampe Rukia simu. Akaenda, akarudi. "Hataki, wifi. Nisamehe."

Nimemtukana. Nilipomaliza, kanitakia heri.

Jumapili, 11 Januari

Fahmi kaleta sinia. Limesuguliwa. Kwetu chombo hakirudi kitupu, na Zuhura anajua adabu: visheti vimejaa, kitambaa cheupe juu yake. Nimetafuta tusi ndani yake, sikuliona.

Kijana kaniamkia vizuri. Rukia ameagiza nguo zake na mto wake. Bila mto ule hapati usingizi, tangu mdogo.

Nguo nimezikunja, nikampa. Mto nimemwambia siuoni.

Uko hapa, mapajani. Akiutaka, aje auchukue mwenyewe.