Mama wa Seifu katika picha za kuchora

Mishi, leo nimemliza Seifu! Nilimtania tu, eti anaogopa sinema.

Ndipo akanisimulia: mwaka 1956, yeye akiwa mwanafunzi, mafundi wa katuni walifika shuleni kwao Msambweni kuwafundisha kuchora picha zinazotembea. Seifu akamchora marehemu mamake akiingia nyumbani, kurasa arubaini, akazishona kama msahafu, za kufunguliwa kutoka kulia.

Wale mafundi wageni, bila kujua, wakazipiga picha kuanzia kushoto.

Mashine ilipowashwa, mama akatoka kinyumenyume, mlango ukafungwa. Kinyumenyume, Mishi!

Wenziwe wakaangua kicheko: "Seifu, mamako kaona jini humo ndani?"

Fundi akaomba radhi, mkanda wa filamu umewaishia, hawawezi kuzipiga upya.

Seifu akamwambia, "Basi ionyeshe tena hivyo hivyo, bwana. Pale mwanzo bado yumo ndani."