Nilivyokijaza Chumba cha Kati

Jumatatu, 6 Januari

Kuta za chini nimemaliza kuzichora. Nimerudi kutoka ofisini Kilifi nimechoka, nikala muhogo uliobaki, nikafungua kompyuta. Kaka Swaleh anataka modeli ya nyumba kabla mwezi haujaisha. Nyumba ataifanya ya wageni. Mama na mimi tutabaki na vyumba viwili vya uani. Mama amekubali kwa sharti moja: chumba cha kati kisiguswe.

Nyumba hii ya mawe haina kona hata moja iliyonyooka. Nadhani hapa Takaungu nzima haipo. Programu haipendi hivyo. Yenyewe inajua mambo mawili tu, palipojaa na palipo wazi. Ukuta umejaa, chumba ki wazi. Vidaka ndivyo vinavyoisumbua, kwa kuwa ni uwazi ulio ndani ya ukuta.

Jumatano, 8 Januari

Leo nimezificha kuta zote, nikabakisha uwazi peke yake, nikaupaka kijivu. Sikutegemea nitakachokiona. Hewa tuliyoivuta miaka yote, imesimama kwenye skrini kama kitu cha kushikika. Ua mkubwa, kisha ukumbi, kisha chumba cha ndani, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia. Mwisho kabisa, chumba cha kati, kidogo kama kokwa.

Hakina dirisha. Mama alinizaa humo. Baba alioshwa humo, juu ya ufuo, ule mfereji wa sakafuni unaopokea maji ya maiti. Mama hukipiga chokaa kwa mkono wake kila mwaka kabla ya Ramadhani. Anajua anamwandalia nani.

Ijumaa, 10 Januari

Nimejaribu kitu. Nimekijaza chumba cha kati. Kubonyeza mara moja tu. Nilitaka kuona nyumba itakuwaje bila hicho. Kwa nje haikubadilika hata kidogo, na hilo likanikera.

Swaleh ameomba aone nilipofikia. Nimemtumia picha zote kwa simu, na hiyo ya chumba kilichojazwa ikiwemo. Hajajibu.

Jumapili, 12 Januari

Mama yuko Malindi kwa dada yake, Halati Zuwena, anayeumwa miguu. Atakaa siku chache. Nyumba imepoa.

Swaleh amekuja na fundi Kahindi kutazama paa. Wageni watahitaji tangi la maji na Swaleh na fundi hawajui litabebwa na nini. Mimi nilikuwa nafua. Nilimsikia Swaleh akisema, "Dada ashachora, yote yako kwenye picha." Nikaona fahari. Mjinga mimi.

Jumanne, 14 Januari

Nimerudi kutoka kazini nikakuta mlango wa chumba cha kati haupo.

Wamekijaza vifusi na zege mpaka juu, kibebe tangi. Nimeweka kiganja ukutani. Una joto na unatoka jasho.

Nimempigia Swaleh. Haoni kosa. "Si wewe uliyechora? Mimi nikajua mushakubaliana na Mama." Nikamwambia nilikuwa najaribu tu. Akauliza, nani anajaribu kwa nyumba ya watu? Nimemtukana nikakata simu. Lakini hilo swali lake ni la haki.

Kahindi anasema kukivunja ni kuuangusha ukuta wa ndani, na boriti za dari zimeulalia. Yeye alifanya alichooneshwa. Nimefungua kompyuta, nikafuta lile jazo. Chumba kikarudi pale pale, kisafi. Nimeifunga kwa ghadhabu.

Ijumaa, 17 Januari

Mama amerudi. Alisimama mbele ya ule ukuta mpya, akaupapasa kama anayetafuta komeo gizani.

"Na mimi mtanikoshea wapi?"

Swaleh akasema siku hizi hata msikitini pana chumba cha maiti, kina maji ya bomba. Mama akamwambia, "Mimi sikukaa msikitini, mwanangu. Nimekaa hapa."

Swaleh akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nikamwambia Mama ni mimi, ni mchoro wangu. Alinitazama kama aliyeingiliwa na mgeni.

"Ulikitoa uone nini?"

Naona aibu, na namchukia Swaleh kwa sababu ndiye pekee ninayegawana naye aibu hiyo.

Jumatatu, 20 Januari

Mama amefunga nguo zake, msala wake, na sanda aliyoletewa kutoka Maka. Anahamia kwa Halati. Nimemsihi. Swaleh naye amesihi, akalia, mtu mzima na ndevu zake. Mama anasema hana kinyongo na mtu. Namwamini, na hapo ndipo ninapoumia. Angetugombeza ningepata usingizi.

Alhamisi, 23 Januari

Tangi limepandishwa. Halivuji.

Jumapili, 2 Februari

Malindi. Nimekuja kumwona Mama. Nyumba ya Halati ni ndogo, iko mji wa kale, na chumba chake cha kati kipo. Kilikuwa kimejaa madebe. Mama amekwisha kuyatoa na kufagia.

Baada ya chai aliniita humo. Akaniambia nivue viatu nilale chali kwenye ufuo, aone kama urefu watosha. Nikalala. Sakafu baridi. Niliziona boriti juu, na nyayo zake kando ya kichwa changu.

"Nyosha miguu."

Nikanyosha. Visigino havikugusa ukuta.

Mimi ni mrefu kumshinda. Akasema basi, panatosha, akanipa mkono niinuke, akarudi jikoni kuchagua mchele.