Mvuke Uliolelewa Vizuri

Baba Neema wangu,

Baridi ya huku Mwese imenifanya nilale na koti lako, sasa linanuka moshi wa kuni, usinune. Jana nilitaka kuwaonyesha wanafunzi mvuke wa ayodini niliokuja nao kwenye chupa. Ukiupiga kwa leza ya kijani, molekuli zake zinasisimka, kisha zinatoa mwanga wa njano. Ila lazima pawe na giza, na betri ya leza ilikuwa imebaki kidogo. Bibi Siwema, mwenyeji wangu, alitupatia stoo yake ya mahindi, tukaziba dirisha kwa magunia.

Kila nikiwasha, "Hodi!" Bibi anafungua mlango wote, jua linajaa ndani, nazima leza isiumize macho ya mtu, na mgeni anampa kila mmoja mkono, anaulizia mpaka ng'ombe wa kwetu, nami sina hata kuku. Mara nne! Nilipoomba tufunge komeo, Bibi alifoka: "Nyie watu wa Morogoro, mgeni anabisha mnanyamaza?"

Mara ya tano mvuke ukawaka njano. Bibi akauchungulia kwa pembeni. "Mmemsalimia kwa kijani, ameitika kwa njano," akasema. "Huyu amelelewa!"

Papo hapo, nje: "Hodi humu!"

Bibi akaweka kidole mdomoni. "Nyamazeni," akanong'ona, "atafikiri hatupo."

Mbusu Neema. Nami Jumamosi nikibisha, uitike, hata kama unaangalia mpira.

Mama Neema