Tundu la Mwaka 1914

Johnstown, 6 Machi 1988

Kaka Emil,

Hamjambo huko Cleveland, wewe na wifi? Mimi mzima, theluji imeanza kuyeyuka. Baba ndiye hali si nzuri. Sukari imempanda machoni. Daktari kasema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia halitafika majira ya baridi.

Sasa sikiliza. Senti ya 1914 iliyopigwa Denver imepatikana, dukani kwa Bwana Sabo, muuza sarafu. Ndiyo ya tundu la mwisho kwenye kile kitabu cha Baba cha buluu cha kupachikia sarafu, anachokijaza tangu ujana wake kiwandani kwa chenji ya baa. Imelika, sikatai. Ndevu za Lincoln zimekuwa bapa na sikio halipo. Lakini mwaka unasomeka, na ile D ndogo chini yake. Nataka tuinunue sasa, Baba aione ikiingia. Nilipomwambia kasema, "Muulize Emil. Emil ndiye anayejua sarafu."

Nusu yangu ninayo. Nangoja neno lako.

Mdogo wako,
Verona

Cleveland, 20 Machi 1988

Mdogo wangu Verona,

Barua imefika, nasi hatujambo, ila wifi yako mguu unamsumbua. Pole kwa kumuuguza Baba.

Hiyo ya Sabo iache. Baba mwenyewe alitufundisha kwamba anayenunua mbovu hununua mara mbili. Maisha yake yote kachagua, kabadilisha hii kwa ile iliyo safi zaidi, halafu tundu la mwisho tumzibie kwa kipande cha bati? Wenzake wa chama cha sarafu watamcheka. Maonyesho makubwa ni Julai, nitapata nzuri huko. Na hao madaktari wanapenda kutisha watu. Subira yavuta heri.

Msalimie Baba.

Kaka yako,
Emil

Johnstown, 2 Agosti 1988

Kaka Emil,

Salamu zetu, na wifi apone. Julai imepita na hujaandika. Baba sasa anakipeleka kitabu dirishani, anakiinamia mpaka pua inagusa karatasi. Anasema tundu bado analiona. Jana kamimina kahawa juu ya sahani ya haluski, zile tambi zake za kabichi, akacheka. Mimi nilitoka nje nikalia.

Sabo ananiwekea ile senti mpaka Ijumaa. Piga simu useme ndiyo, basi. Ningeinunua peke yangu, lakini Baba hataki: "Bila Emil, hapana." Wewe ndiye mwana, mimi ni wa kufua soksi. Haya, nimeshazoea. Ila piga simu.

Mdogo wako,
Verona

Cleveland, 28 Novemba 1988

Mdogo wangu Verona,

Natumaini hamjambo nyote. Samahani kwa kimya, kazi zilinizidi. Lakini fungua kifurushi uone. Nimeipata. Nywele zote zipo, ndevu zote zipo, na wekundu wa shaba mpya haujatoka. Wataalamu wameipima wakaifungia ndani ya plastiki ngumu, daraja limeandikwa juu. Usiifungue kamwe. Ikitoka humo, thamani yake inashuka.

Mwonyeshe Baba, kisha uniambie kasema nini.

Kaka yako,
Emil

Johnstown, 9 Desemba 1988

Emil,

Salamu sina. Jicho la kulia lilizima Oktoba. Ungepiga simu ungejua.

Umetaka kujua Baba kasema nini. Nilimpa mkononi, akaigeuza, akauliza, "Hiki kiberiti ni cha nini?" Nikamwambia ni senti yake ya 1914. Akapapasa plastiki pande zote, hakupata hata ukingo wa senti. Akataka kitabu, akalitafuta tundu kwa kidole, akaisukuma. Haikuingia, ni kubwa mno. Akaendelea kusukuma, Emil, mpaka nikamshika mkono. Akasema, "Basi, labda tundu limesinyaa."

Nilikimbia kwa Sabo. Ile iliyolika alishaiuza.

Nikamwaga kopo la chenji jikoni, nikachagua ya mwaka 1944, yenye masuke ya ngano mgongoni kama ile ya 1914, maana kidole chake gumba si cha kudanganya ovyo. Nikamwambia nimeitoa kwenye plastiki. Akaigandamiza mwenyewe ikakaa. Akapitisha gumba juu yake kwa muda mrefu, akasema, "Unaona? Wewe ulitaka tuchukue ile mbovu. Emil alijua."

Yako nakurudishia, nimeifunga humu pamoja na barua, plastiki yake haina hata mkwaruzo. Ukija Krismasi, kaa naye, na akikushukuru, itikia.

Verona